Hakuna siasa, hakuna dini

Binamu yangu wa Kampala ndiye admini wa kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na mwezi uliopita alitutungia sheria. "Kuanzia leo hakuna siasa, hakuna dini, hakuna picha za vita. Tutume misiba, harusi, michango na mambo ya afya tu." Akalifunga kundi nusu siku ili sote tuisome vizuri. Lilipofunguliwa, ndugu wa Kampala wakapiga makofi, wa Butembo, Congo, wakanyamaza. Mimi niliye katikati, hapa mpakani mwa Uganda na Congo, nikacheka peke yangu hadi mteja akaniuliza kama nimeshika noti bandia.

Kilichonichekesha ni hayo "mambo ya afya tu". Ningependa binamu aje akae nami Mpondwe wiki moja, siku za soko, anioneshe mtu anayeweza kuongea afya bila kumgusa Mungu, askari wala rais.

Kwa wasionijua: nachenji pesa. Nina meza ya mbao, benchi la wateja, mwavuli uliopauka, na kisanduku chenye shilingi zetu, faranga za Congo na dola. Wenzetu wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, wanatuita kambisti. Kazi hii inafungua watu midomo. Ukishakubaliana na mtu bei, anahesabu noti zake polepole, mara mbili, na katikati ya kuhesabu ndipo anaposema lililomo moyoni. Anapita mwenye mafuta ya mawese, anapita mwenye vitenge, anapita mwanajeshi anayetuma pesa nyumbani, anapita mchungaji anayerudi kutoka mkutano wa injili Beni. Marehemu baba alikuwa Mwanglikana wa Bwera, mama ni Mkatoliki aliyezaliwa ng'ambo ya mto Lhubiriha, dada yangu ameolewa na Mwislamu. Mke wangu ni mlokole, na habari za hilo nitaziandika siku nyingine akinipa ruhusa.

Wakonzo huku, Wanande kule, lugha moja kasoro lafudhi. Mtu akifa Kasindi, msiba unaliliwa Bwera. Kwa hiyo Congo ilipotangaza Ebola Kivu Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, hakuna aliyetuambia kuwa ni habari za nje. Yakaja matangi ya maji ya klorini, yakaja mahema, wakaja vijana na kile kipimajoto cha kuelekezewa kwenye paji la uso ambacho watoto walikiita bastola. Watu walipanga mstari, wakanawa, wakapimwa, wakavuka. Manung'uniko yalikuwa ya kawaida, ya foleni na jua.

Mambo yaliharibika Desemba. Uchaguzi wa Congo ulikuwa tarehe 23, ukasogezwa hadi tarehe 30. Siku chache kabla, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku hiyo, watasubiri hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Na rais mpya alikuwa wa kuapishwa Januari. Maana yake mtoto mdogo aliielewa: chagueni mtu ambaye ameshakaa kitini. Na sehemu hizo zilijulikana kuwa ngome ya upinzani.

Wiki ile alikuja mama mmoja wa Butembo, mteja wangu wa siku nyingi, mfanyabiashara wa mawese. Alihesabu pesa zake, akazifunga kwenye kitenge, akaniangalia. "Ku kanisa tunaenda, ku soko tunaenda, na apa ku mpaka tunafika kila siku. Ni kura tu njo inaleta Ebola?"

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sijaona aliyemjibu. Huko Beni vijana waliandamana, kituo kimoja cha kupokelea wagonjwa kikavamiwa. Siku ya uchaguzi wenyewe, watu wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao ya mfano, isiyohesabiwa na yeyote, na wakanawa mikono kwanza kabla ya kupiga. Nawaza sana juu ya kule kunawa. Hawa si watu waliokataa kuwa ugonjwa upo. Walikuwa na swali la siasa, swali zuri kabisa, na kwa kuwa waliopaswa kulijibu walinyamaza, hasira ikawaangukia waliokuwa karibu, yaani watu wa afya. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 19 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walioambukizwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Sisemi kwamba kura zingewaokoa wote. Nasema yule mama alikuwa akinawa mikono tangu Agosti bila kusukumwa, na baada ya Desemba nilimwona akinawa kwa kumridhisha askari wa mstarini.

Upande wetu ugonjwa ulifika Juni 2019. Mtoto wa miaka 5, familia yake ilikuwa imekwenda Congo kumuuguza babu. Walipelekwa hospitali ya Kagando, vipimo vikachukuliwa, tarehe 11 Juni serikali ikatangaza. Mtoto alifariki, bibi yake akafuata. Tulikaa tukingoja usambae, na haukusambaa. Wataalamu wana sababu zao na nazikubali: wahudumu wa afya wetu walianza kuchanjwa Novemba 2018, wagonjwa walitengwa haraka, watu waliokutana nao wakafuatiliwa nyumba kwa nyumba. Lakini mimi nina sababu yangu ya ziada, na inahusu kikao kimoja chini ya mwembe kwenye parokia ya mama yangu.

Kikao kiliitishwa na VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, pamoja na katekista. Gari la kipaza sauti lilikuwa limeshapita mara nyingi, likisema neno lile lile kwa sauti ile ile, na watu wakiliacha lipite. Katekista hakuanza na ugonjwa. Alisali kwa ufupi, akakaa, akasema, "Ulizeni mnachotaka." Mzee mmoja akasimama, akauliza la Novemba 2016.

Hapa nitapita haraka, na wanaonijua wanajua kwa nini. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 kulikuwa na mapigano Kasese, jeshi na polisi wakaivamia ikulu ya Omusinga, yaani mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere. Walikufa zaidi ya watu 100. Omusinga akakamatwa, na kesi yake ilikuwa bado haijaisha tulipokuwa tumekaa chini ya ule mwembe. Mzee aliuliza hivi: hawa wanaokuja na magari ya serikali wakisema wanataka tuishi, ni serikali ile ile ya Novemba, au ni nyingine?

VHT aliangalia chini. Wengi wetu tuliangalia nani mwingine yupo kikaoni. Katekista akajibu, "Ni ile ile. Na mimi nilizika mtu Novemba ile, mnajua. Lakini nesi atakayekuja kwako si wa Novemba. Ni binti wa kijiji hiki, mlikula ubwabwa wa kipaimara chake." Watu wakacheka kidogo, cheko la kupumua. Akaendelea kuulizwa hadi magharibi: kama Ebola ni adhabu, kama kumbariki mgonjwa kwa mkono ni dhambi sasa, kama wazungu wanalipwa kwa kila maiti, kwa nini bosi mmoja wa gombolola alipita mpakani bila kunawa. Hakumdharau muulizaji hata mmoja. La bosi alilijibu kwa kusema kwamba bosi alikosea. Mambo ya mikono na maziko yalikuja mwishoni, yakachukua muda mfupi sana, na hakuna aliyebisha.

Binamu angekuwa admini wa kikao kile, swali la yule mzee lingefutwa dakika ile ile. Na kwa maoni yangu mengine yote yasingesikika.

Sasa dini, kwa sababu hapo ndipo ukoo wetu ulipovunjikia vyombo. Septemba 20, 2022 Ebola ilitangazwa Mubende. Safari hii ilikuwa aina ya Sudan, ambayo chanjo iliyotumika Congo haiizuii. Oktoba rais akazifungia wilaya za Mubende na Kassanda, kutoka wala kuingia hakuna. Hadi ilipotangazwa kwisha, Januari 11, 2023, waliothibitishwa kuugua walikuwa 142 na kati yao 55 walikufa. Katikati ya siku zile ikaja habari kwamba huko Kassanda jamaa wamefukua maiti iliyozikwa na timu ya afya ili waioshe kwa taratibu za Kiislamu, na kwamba watu wakaambukizwa. Kundi letu likawaka. "Dini gani hiyo?" aliandika mmoja, na aliyemfuata aliandika maneno ambayo siyarudii. Shemeji yangu, mume wa dada, alisoma yote, akaandika "Asalaam aleykum" na kujitoa.

Niliona aibu, nikamwendea shehe mmoja ambaye huwa ananunua dola kwangu. Nilimuuliza wazi: hivi inakuwaje? Akanikalisha kwenye jamvi, akanieleza bila haraka. Kumwosha maiti ni faradhi ya kifaya, yaani ni deni la jamii nzima. Wasipolilipa hata wachache, wote wana dhambi. Ndiyo maana wafiwa hawalali. Lakini sheria hiyo hiyo inajua kuna maiti asiyeweza kuguswa na maji, aliyeungua kwa mfano, huyo anafanyiwa tayamamu kwa udongo safi. Na ikiwa hata kumgusa kunaua walio hai, wajibu huo unaanguka kwa sababu ya dharura, anaswaliwa na kuzikwa, na hakuna mwenye dhambi. "Sheria inalo jibu tangu zamani," aliniambia. "Ila anayekuja na mavazi ya plastiki na dawa ya kupuliza mara nyingi halijui, na hamwiti anayelijua. Anamwambia mfiwa 'hairuhusiwi.' Mfiwa anasikia 'mtu wako atakwenda mchafu mbele ya Mungu.' Wewe ungelala?"

Kisha akanigeukia mimi na Ukristo wangu. Akanikumbusha korona: Machi 2020 nyumba zote za ibada zikafungwa, Septemba zikafunguliwa kwa watu 70 tu, masoko yakiwa yamejaa. "Ni nani aliyekuwa anakuja kwangu kulalamika kwamba virusi vinaogopa soko na kupenda kanisa?" Nilikuwa mimi, ndiyo. Na niliposikia sauti yangu mwenyewe nikamkumbuka mama wa mawese na kura yake. Swali ni lile lile.

Tarehe 16 Juni 2023 sitaielezea. Waliotaka kujua wameshajua: shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa, waasi wa ADF, wanafunzi 37 na watu wengine waliouawa. Wazee walianza kuhesabu kutoka mbali, kutoka tarehe 13 Novemba 1996 ADF walipoingia mara ya kwanza kupitia Mpondwe hii, na chuo cha Kichwamba Juni 1998, wanafunzi 80 walioteketezwa bwenini. Kuna wateja wangu waliokuwa watoto wakati ule, na sasa ni wazazi.

Ninachotaka kukisema ni cha baadaye. Kuna mwalimu mmoja, siyo wa shule ile, aliyekuwa akija kuchenji kidogo kidogo kwa ajili ya biashara ya mkewe. Akawa anakonda. Siku moja aliniambia kwamba pikipiki ikipita usiku anaruka kitandani na kujikuta kasimama mlangoni. Nesi alimwambia ni mshtuko, akampa vidonge na tarehe ya kurudi. Mchungaji akamwambia ni pepo, akampa siku tatu za kufunga. Mzee wa kijiji akamwambia asiongee sana maana wapelelezi wako kila mahali na mtu asiyelala hutiliwa shaka. Aliniuliza, akihesabu noti za elfu tano elfu tano, "Wewe unayesikia watu wote, nimfuate nani?"

Sasa binamu, huyu mwalimu tumweke wapi? Kwenye afya, anaruhusiwa? Ugonjwa wake umeingia kwa mlango wa vita, unatibiwa kwenye madhabahu, na unafichwa kwa kuogopa serikali. Akianza kuusimulia kwa kufuata sheria zako atasema "silali" na kuishia hapo. Nilimwambia ameze vidonge na afunge pia kama moyo unataka, mradi asifunge kumeza. Mke wangu alisema nimejibu kimwili. Inawezekana. Alirudi kwa nesi tarehe aliyopewa, hilo najua, maana alinipitia.

Simlaumu binamu moja kwa moja. Yeye ni mfanyakazi wa ofisi Kampala, na nchi hii imetufundisha kuogopa simu zetu wenyewe. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 mitandao ya kijamii na pesa za simu vilizimwa pamoja, na watu walinijia mezani na simu zenye pesa wasizoweza kuzigusa. Julai 2018 tukaanza kulipa shilingi 200 kwa siku ili tu kufungua WhatsApp. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa siku za kura, na Facebook tangu hapo ni ya wenye VPN. 2022 ikapitishwa ile sheria ya marekebisho ya matumizi mabaya ya kompyuta, na kila admini akaanza kujiona mshtakiwa mtarajiwa. Mtu mwenye watoto shuleni akiamua kuzima moto kabla haujawaka, namwelewa.

Ila ona kinachotokea. Kundi limepoa, kweli. Watu wa Butembo sasa wana kundi lao, na huko ndiko zinakozunguka zile sauti za dakika saba zisizo na jina, za mtu anayejiita daktari wa Nairobi akisema maji ya chumvi ya moto yanaua virusi. Kule hakuna dada yangu wa kubisha, hakuna shemeji, hakuna mimi. Watu waliokuwa wakigombana nasi bado wanayaamini waliyokuwa wakiyaamini, ila hatuwasikii tena. Mimi ningependa ugomvi wenye majina kuliko amani ya namna hiyo. Nilimwandikia binamu kwamba aachie mada zote, afute tu sauti zisizo na mwenyewe, na anayesema jambo la dini ya wengine aliseme akijua mwenye dini hiyo yumo humo humo, maana shemeji nimeshamrudisha. Alinijibu kwa kile kidole gumba. Kwa Kampala sijui kama ni ndiyo.

Juzi siku ya soko ilikuwa chanjo ya malaria. Uganda iliianzisha tarehe 2 Aprili 2025, dozi 4, mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18, na kwenye benchi langu hoja hiyo haijapoa. Mzee mmoja wa ng'ombe alianza: Wamarekani walikata misaada Januari ya mwaka huo huo, dawa za watu zikayumba, sasa hii chanjo ya bure inalipwa na nani? Swali zuri, nikasema. Kijana wa boda boda akasema hakuna cha bure, watoto wetu wanajaribiwa. Mlokole mmoja akasema Zaburi ya 91 inatosha, tauni haitaikaribia hema yako. Mwanajeshi aliyekuwa akisubiri zamu yake akasema kule porini alikotoka angetoa mshahara wa mwezi kwa chanjo ya malaria, na Zaburi ya 91 anaisoma kila usiku. Hapo wakacheka wote, hata mlokole.

Alikuwepo nesi, amevaa nguo za nyumbani, hakuna aliyemjua. Akasema chanjo hiyo ilibuniwa Oxford, inatengenezwa India, na fedha nyingi zinapitia mfuko unaoitwa Gavi. Haimalizi malaria, inapunguza ile kali inayopeleka watoto kuongezewa damu, na chandarua kibaki pale pale. Mzee akamuuliza kama India nao hawana siasa. Nesi akasema wanazo, kama sisi. Kijana wa boda akataka kujua kwa nini basi isianze kwa watoto wa mawaziri. Mlokole akasema hilo nalo ni neno. Wakaanza upya, sauti juu, kutoka mawaziri wakaingia barabara, kutoka barabara wakaingia uchaguzi.

Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama pembeni tangu mwanzo na faranga zake mkononi. Nilimchenjia, akahesabu, akaniuliza kwa sauti ya chini kituo cha afya hufunga saa ngapi. Nikamwambia saa kumi, lakini awahi, siku ya soko foleni ni ndefu. Akaondoka, na waliokuwa benchini wala hawakumwona. Walikuwa wamefika kwa Obote.